Nasaba za Kilwa Katika Chumba cha Chini

Nkirote alikuwa nesi, na kila Jumamosi aliwafundisha Kiswahili watoto wa kanisa la Wakenya huko Blaine, mji wa ughaibuni. Baridi ilipoanza aliamua kuwasimulia habari za masultani wa Kilwa: kwanza nasaba ya Washirazi, kisha ya Mahdali walioitwaa enzi baadaye. Somo la kwanza liliwanogea. Walipoambiwa kwamba, kwa mapokeo, Ali bin Hassan, sultani wa kwanza, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, walivua makoti wakayatandaza kuzunguka ukumbi wa ibada. Yaliisha hata kabla ya kufika madhabahuni.

Wanjohi, mzee wa kanisa, aliwakuta hivyo.

"Mwalimu, hapa ni kanisani. Masultani wa nini?"

"Ni historia ya lugha yenyewe, mzee. Kiswahili hakikuanzia Nairobi."

"Wafundishe salamu na Zaburi. Hayo mengine wachana nayo."

"Siwezi kuwapa lugha nikiwaficha watu walioikuza."

Jumamosi iliyofuata Nkirote alikuta ukumbi umefungwa kwa kufuli jipya. Alisimama kwenye theluji, uso ukimwaka kwa aibu, wazazi wakimtazama kutoka ndani ya magari. Kisha akaenda akigonga dirisha la gari moja baada ya jingine.

"Somo liko kwangu. Nifuateni."

Magari matatu yalimfuata. Mengine yaligeuza.

Katika chumba cha chini cha nyumba yake, watoto watano walikaa zuliani. Aliwaeleza jinsi Hassan bin Talut wa Mahdali alivyowapokonya Washirazi kiti, na jinsi mjukuu wake, Hassan bin Sulaiman, alivyojenga jumba la Husuni Kubwa.

Baada ya majuma mawili Wanjohi alibisha hodi, akiwa na binti yake, Lois, mmoja wa waliotandaza makoti siku ile.

"Huyu amenisumbua sana. Anataka kujua hao masultani wa nasaba ya pili walitawala vipi."

"Karibuni ndani."

"Mimi nitangoja garini."

"Baridi itakuua, mzee."

"Nina hita."

Nkirote hakubishana naye. Alimshika Lois mkono, wakashuka ngazi, na akalianza somo upya tangu kwa Ali bin Hassan ili mtoto asipitwe na kitu.

Ukumbi haukufunguliwa tena kwa darasa lile, na Wanjohi hakuwahi kushuka ngazi zile. Lakini kila Jumamosi alimleta Lois, na kufikia majira ya kuchipua zulia halikuwatosha tena watoto.