Mhola Duhu

Kila alfajiri kabla ya kuvaa sare, nesi Joyceline alikaa kitandani akifanya zoezi alilojifunza kwenye simu kwa mtawa mmoja wa Kibuddha: vuta pumzi upokee machungu ya mwenzako, itoe umpe utulivu wako. Alianza na wagonjwa, akaja kwa ndugu zake wa Bukoba, akamalizia na majirani. Jina la Nyamizi aliliruka. Huyo alimsema bombani kwamba hana mtoto ndiyo maana hana huruma, na maneno yale yalimchoma mpaka leo.

Asubuhi hiyo akamkuta Nyamizi kwenye benchi la zahanati, amemfunika mwanawe kwa kanga.

"Mwangaluka," Joyceline alimwamkia, maana adabu ni adabu.

"Mwangaluka. Mhola duhu."

Amani tu. Miaka minne Usukumani ilishamfundisha kwamba hilo ni jibu la mlangoni. Hata mwenye msiba hulitoa kwanza, kisha husubiri kuulizwa tena. Joyceline hakuuliza tena. Aliona kanga inavyopanda na kushuka mbiombio, akajiambia, si kasema ni amani? Akamwita mwenye kidonda cha mguu. Akamwita na mwingine. Alijisikia raha kidogo, wala hakujifichia kwamba ni raha.

Alipotoka tena, mtoto alikuwa ameshikwa na degedege. Alimnyakua, akakimbia naye ndani akimwita Hemed, mganga mfawidhi. Nusu saa nzima hawakunyanyua vichwa. Pumzi ya moto ya mtoto ilimpiga Joyceline usoni, naye akaivuta bila kuuliza ni ya mtoto wa nani.

Hatimaye mtoto akalia. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani kutoka Bariadi. Hemed akavua glavu kwa hasira.

"Nani alimwacha huyu benchini? Nitaandika, na litafika wilayani."

Nyamizi akawahi. "Ni mimi, dakitari. Nesi aliniamkia, nikamwambia mhola."

Kazi ya Joyceline ilikuwa imepona hapo hapo. Angenyamaza tu. Mtawa alisema lawama zote zipelekwe mahali pamoja, kwenye nafsi inayojipenda, na Joyceline aliyapenda sana maneno hayo alipokuwa peke yake kitandani. Sasa aliyaogopa.

"Andika jina langu," alisema. "Nilimwona anavyohema. Nikampita makusudi."

Nyamizi akamgeukia nesi.

"Mhola?"

"Mhola duhu," Joyceline akajibu.

Nyamizi akasogea karibu, akamuuliza tena.