Shimo Chini ya Mtambo

Jengo la gazeti pale Kitale lilijengwa na masetla, wapate pa kuchapia bei za mahindi na ng'ombe wao. Baada ya Uhuru likawa la gazeti la Kiswahili, na Phelista, binti kutoka Bumula, akaajiriwa kupanga herufi. Karatasi zilikuja kwa lori kutoka Webuye. Gazeti lilipokufa, mwenye jengo alimwacha Phelista akae kulilinda, naye akaweka cherehani yake ghorofani. Chini, kando ya mtambo wa kuchapia uliokosa mnunuzi, Nyaruai aliuza mitumba.

Mapema mwaka 2008, matokeo ya kura yalipozua vita na moshi ukatanda mjini, Nyaruai alipanda ngazi mbio, hana viatu. Alisema watu wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza majina, wakiwasaka Wakikuyu kama yeye. Phelista alimshika mkono wakashuka. Waliinua ubao chini ya mtambo, Nyaruai akajikunja ndani ya shimo ambamo mafundi walizoea kusimama wakiutengeneza. Phelista alirudisha ubao, akamwagia mafuta machafu juu.

Punde mlango ukavunjwa. Vijana waliingia na mapanga, na nyuma yao Jotham, naye ameshika panga lake. Phelista alimtambua. Jotham ndiye aliyekuwa fundi wa mtambo huo. Zamani, gazeti lingali hai, polisi walipowajia wafanyakazi kwa habari iliyowaudhi wakubwa, alijificha shimoni humo humo, na Phelista ndiye aliyewaambia polisi kwamba ameenda kwao Bokoli.

Vijana walipekua nguo, wakapanda juu, wakashuka. Mmoja akauliza chini ya mtambo kuna nini.

Jotham alisogea mpaka kiatu chake kikakanyaga ubao. Phelista alisikia pumzi ya mtu. Hakujua kama ni ya Nyaruai au ni yake mwenyewe.

"Ni mafuta tu," Jotham alisema. "Hii mashine imevuja tangu zamani. Twendeni."

Waliondoka na marobota ya nguo. Jotham hakumtazama.

Alasiri askari walipopita na gari, Phelista aliwasimamisha, na Nyaruai akatolewa shimoni. Walimpeleka kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao. Hakurudi Kitale tena. Siku iliyofuata jengo lilichomwa, likabaki kuta.

Phelista alihamia Bungoma kwa dada yake, Roselyne. Miezi ilipita. Siku moja sokoni mtu alimgusa bega.

"Sasa, Phelista. Umepotea sana."

Alikuwa Jotham, amebeba kabeji kwapani. Phelista alitaka kumshukuru. Alitaka pia kumuuliza lile panga lake lilikuwa limetumika wapi siku ile kabla halijafika pale mtamboni. Aliitikia salamu kwa sauti ndogo, akaziacha nyanya alizokuwa akichagua, akaenda zake bila kuthubutu kugeuka.