Gari Lililomuua Loren Wehrkamp

Pikapu nyekundu ya Duane Wehrkamp ilimbana mdogo wake Loren kwenye ghala la bati la mahindi, Jumanne saa nne asubuhi, na bati likabonyea ndani kama kopo. Loren hakufa papo hapo. Alichukua dakika nne, akiwa amesimama vilevile, kifua kimeshikwa kati ya bampa na bati, macho yake kwa mkewe Tonya aliyetoka jikoni mbio na taulo mkononi. Taulo la nini, hata yeye mwenyewe hakujua.

Mambo mawili yalimharibia Duane. Nusu saa kabla ya hapo, yeye na Loren walikuwa wametwangana ngumi uwanjani kwa ajili ya shamba la baba yao, mmoja anataka kuuza, mwingine hataki, na Loren akamvunja kaka yake pua. La pili, Tonya aliyaona yote kupitia dirisha la jikoni. Aliapa mahakamani kwamba Duane alipanda gari damu zikimchuruzika, akatia gia, akamlenga Loren, akakanyaga mafuta. Duane aliposema alikuwa amekanyaga breki, kuna watu walicheka mle ndani. Akarudishwa rumande akisubiri kesi ya mauaji.

Watu wa pale, Ohio magharibi, Marekani, kwenye nguruwe na mahindi, hawakuhitaji ushahidi zaidi. Walimpelekea Tonya mabakuli ya viazi vya jibini mpaka friji likagoma kufungwa. Kwa Gayle, mke wa Duane, hakuna aliyepeleka hata kipande cha mkate. Alikwenda kanisani Jumapili ya kwanza, benchi zima likahama. Hakurudi tena.

Na Gayle alijua kwamba gari ndilo lililoua. Sisemi aliamini, maana mke huamini mengi. Alijua, kwa sababu lilikuwa limemfanyia yeye mara tatu kabla halijatimiza mwaka. Mara ya kwanza kwenye egesho la kanisa: ametia gia, mguu uko kwenye breki, injini ikanguruma yenyewe na gari likachupa mbele likamng'oa Bikira Maria wa saruji, kichwa kikaviringika mpaka barabarani. Mara ya pili lilipanda ngazi za benki. Mara ya tatu lilimponda mbwa wao kwenye mlango wa gereji, na Gayle akazoa mabaki yake kwa koleo. Kila mara alilirudisha dukani walikolinunua, akamweleza karani wa mafundi, Rick Stoltz, mwanamume wa meno meupe na maneno ya asali. Stoltz alipiga chapa fomu, Gayle akasaini wima wima akiwahi kazini, na gari likarudi na jibu lilelile: tumelijaribu, hatukuona kosa.

Kwa hiyo wakili wa Duane, binti mmoja mwembamba aliyelipwa na serikali, alipoomba fomu za matengenezo, Gayle alikimbilia droo kwa furaha. Kumbe! Fomu ya kwanza ilisema mteja analalamika gari linatikisika. Ya pili, mteja anaomba kuelekezwa matumizi ya gia. Ya tatu, ile ya siku ya mbwa, mteja anasema zulia la sakafuni linateleza. Hakuna hata moja iliyosema gari linakwenda lenyewe. Na chini ya zote tatu, sahihi yake mwenyewe.

Wakili hakushangaa, akasema ameziona nyingi za namna hiyo. Kwao, gari jipya lililozaliwa bovu huitwa limau, na jimbo lina sheria yake: ukilirudisha mara tatu kwa kosa lilelile ndani ya mwaka wa kwanza, kampuni italichukua itake isitake. Kosa lilelile, hapo ndipo penye mtego. Malalamiko matatu ya makosa matatu ni sawa na bure. Stoltz alikuwa akiyatawanya maneno ya wateja makusudi, hesabu isitimie. Angeandika kweli, gari lingeondoka mikononi mwao miezi mitano nyuma, na Loren angekuwa hai anagombania shamba.

Gayle hakungoja kesho. Alimkuta Stoltz kwenye meza yake, wateja wanne wamepanga foleni.

"Nilikwambia linakwenda lenyewe," Gayle alisema. "Mara tatu. Mara ya tatu nilikuja na damu ya mbwa kwenye viatu."

Stoltz akatabasamu. "Bi Wehrkamp, watu wanakuja hapa wanalia, mimi nawasaidia kupanga maneno. Ulipewa ukasoma, ukasaini. Sasa mumeo kamuua ndugu yake ndiyo unataka niandike upya?"

Mezani palikuwa na stepla kubwa ya chuma. Gayle aliinyakua akamtandika nayo mdomoni, na alipoinama akamwongeza ya sikio. Jino moja lilidondokea kwenye kibodi. Mafundi wawili walimbeba Gayle juu juu, wakamtupa nje kwenye lami, magoti yakachunika. Mimi sitaki kusema alifanya vizuri, lakini sitaki kusema alifanya vibaya pia. Stoltz hakwenda polisi, na mwenye akili ajiulize kwa nini.

Baada ya hapo Gayle alijifungia jikoni na kompyuta. Serikali kuu ina ukurasa wake ambako dereva yeyote huandika ubovu wa gari lake kwa maneno yake mwenyewe, bila Stoltz yeyote katikati. Gayle alisoma siku tatu, chai inapoa pembeni. Alikuta malalamiko sitini na moja ya pikapu ya aina ileile, mwaka uleule. Mmoja aliandika gari liliingia sebuleni likamvunja baba yake nyonga akitazama televisheni. Mwingine alimgonga jirani aliyekuwa anamfungulia geti. Mama mmoja aliandika mstari mmoja tu: nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, na mwanangu hana mkono. Gayle alichapa yote, akayaweka kwenye faili, na kila karatasi ilipotoka alilia na kushukuru kwa pamoja, akajiona mtu mbaya.

Majina ya walioandika yalikuwa yamefichwa. Alizunguka kwenye mabaraza ya mtandaoni ya wenye magari mpaka akampata mmoja, mzee Virgil wa Indiana, wakazungumza kwa simu. Virgil alisimulia jinsi gari lilivyomsaga mkewe kwenye ukuta wa duka la dawa. Kampuni ilimrudishia fedha yake yote kwa upole mkubwa, ikamsainisha karatasi ya kunyamaza, kisha gari likapelekwa kusagwa chuma.

"Wakija kwa upole usiwape," mzee alimwambia. "Mimi niliwapa. Sasa nikisimulia naonekana kichaa."

Wakaja kwa upole kweli. Barua ya kampuni ilifika Alhamisi: kwa kuzingatia msiba wa familia, tutalichukua gari kwa hiari yetu, lori letu litapita kesho. Gari lilikuwa uani kwa Gayle wakati huo. Polisi walikuwa wamelirudisha baada ya kukaguliwa na fundi, na fundi mwenyewe, jamani, alitoka kwenye duka lilelile. Lori lilipokuja Ijumaa Gayle alisimama getini na bunduki ya Duane ya kuwindia bata mpaka likageuza. Wakili alikuwa amepata mtaalamu wa kulifungua gari na kusoma kumbukumbu za kompyuta yake, anatoka mbali, atafika Jumatatu asubuhi. Mpaka hapo asiliguse mtu, alisisitiza, hata kulifuta vumbi. Likiharibika, Duane amekwisha.

Gayle akalifunika turubai, akazifunga funguo kwa uzi na kuzivaa shingoni.

Jumapili baada ya misa, Tonya akaja. Alikuwa na gauni lake jeusi la kanisani na viatu vya mpira vya bandani, na begani nyundo kubwa ya kupigilia nguzo. Hakubisha hodi. Gayle alisikia kioo cha taa kikipasuka akatoka mbio bila viatu, na alipofika turubai lilikuwa chini na nyundo inashuka kwenye kioo cha mbele. Kioo chote kikamwagika ndani.

"Limekunywa damu ya mume wangu," Tonya alisema, anahema, "nawe unalifunika usiku lisipate baridi."

Gayle alimrukia. Wanawake wawili wa miaka hamsini na ushei, mikono yao imezoea kuburuta nguruwe, msidhani walikuwa wakivutana nywele kama wanafunzi. Tonya alimpiga kwa mpini tumboni. Gayle alimng'ata mkono mpaka nyundo ikaanguka, wakabingirika juu ya vioo, gauni likachanika, damu zikachanganyika na haikujulikana ipi ya nani. Gayle alimkalia kifuani akambana mikono.

"Kesho tu," alimsihi. "Nipe mpaka kesho mchana, halafu ulichome moto. Petroli nitakununulia mimi."

"Ili wamtoe yule muuaji?"

"Hakuua, Tonya."

Tonya alimtemea damu usoni, na Gayle alipofumba macho na kulegeza mikono akapata ngumi ya pua. Akaanguka chali. Tonya akaziona funguo shingoni, akazivuta kwa nguvu zake zote, uzi ukamkata Gayle ngozi kabla haujakatika wenyewe. Akapanda garini akakalia vioo.

Nyuma ya banda la nguruwe kuna bwawa la samadi, lenye kina cha kumeza nyumba. Gayle alielewa mara moja. Kitu kikizama mle, hakuna mtaalamu wa kusoma chochote. Alijikokota, akakata njia kupitia zizini, akatokea mbele na kusimama kwenye kijia kati ya ukuta wa banda na nguzo ya geti, mikono ameitanua. Gari lilikuja polepole. Likasimama hatua nne kutoka kwake. Pamoja na hasira zake zote, Tonya hakuwa mtu wa kumkanyaga mtu.

Ndipo injini ikanguruma.

Kioo hakikuwepo tena, kwa hiyo Gayle alimwona waziwazi. Aliona Tonya amejisukuma nyuma kwenye kiti, mikono imenyooka kwenye usukani, mwili mzima umekaza kama mtu anayezuia mlango usivunjwe. Kinywa wazi. Gari likaruka. Gayle alijitupa pembeni, mwili ukapita, mguu haukupita. Alisikia mfupa ukivunjika kwenye nguzo kabla hajasikia maumivu. Gari lilipasua ukuta wa banda, likamsaga jike moja la nguruwe na watoto wake, na nguruwe waliobaki walipiga kelele kwa sauti za watu. Injini iliendelea kuunguruma, magurudumu yanachimba zege, mpaka Tonya alipofanikiwa kuzima ufunguo.

Alishuka akitambaa. Alivua soksi zake ndefu, akaufunga mguu wa Gayle juu ya goti, akazikaza kwa meno kuzuia damu. Akapiga simu.

Askari wa kaunti, Heitkamp, alifika pamoja na gari la wagonjwa. Aliutazama mdomo wa Tonya uliovimba, gauni lililochanika, nyundo uani, mguu wa Gayle, akajumlisha mwenyewe. Wala simlaumu, hesabu ilionekana nyepesi.

"Mmepigana," alisema. "Ukapanda gari, ukamkanyaga."

"Nilikanyaga breki," Tonya alisema.

"Bi Wehrkamp, hata Duane alisema hivyo hivyo."

Gayle, pale chini, wahudumu wanamfunga mbao mguuni, alimtazama Tonya na akajua kwamba neno lake moja lingetosha kumwokoa. Akinyamaza tu, huyu mwanamke angelala rumande leo na kucheka kule mahakamani kungemhusu yeye. Na sitadanganya, alilitamani. Lilipita moyoni mwake kama pumzi moja. Kisha akasema kwa sauti ambayo Heitkamp alilazimika kuinama kuisikia, kwamba Tonya alisimamisha gari, kwamba alimwona akilizuia kwa mwili wake wote, na kwamba hakuna binadamu aliyemgonga.

Tonya akakaa chini kwenye matope, gauni la kanisani na kila kitu, akaanza kulia kilio ambacho hata mazikoni hakulia.

"Andika," alimwambia askari. "Siku ile nilimwona Duane kupitia kioo cha gari, kinywa kiko wazi. Nikala kiapo kwamba alikuwa anamtukana Loren. Leo mimi nilikuwa nimefungua kinywa namna ileile. Nilikuwa namwambia Gayle atoke. Duane alikuwa anamwambia Loren atoke, na mimi nimemfunga mtu niliyepaswa kulia naye. Sasa nimchukie nani?"

Heitkamp alitoa kalamu, akamwomba arudie polepole toka mwanzo, na Tonya akarudia.