Kanga ya Baiskeli

Haya, wajukuu, nitegulieni: nani huchora bila mkono wala macho? Mmeshindwa! Ni baiskeli ya Chande.

Siku ya maonyesho ya kijiji chetu cha ujamaa, kule Mpapura, Chande aliipindua baiskeli, akafunga kopo la rangi lenye tundu kwenye gurudumu, akazungusha pedali. Rangi ikarukia kitambaa cheupe ipendavyo. Alitaka Zuhura aone, maana alishapeleka posa na Zuhura hajajibu.

“Pweza kapiga chafya!” akacheka Bi Hamisa, shangazi yake Zuhura. “Na kanga gani haina jina? Maneno yako wapi?”

“Mashine haijui kuandika, shangazi,” akajibu Chande.

Zuhura, mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, akachovya kidole kwenye rangi, akaandika polepole: NIMEKUBALI.