Msiba wa Mwenye Mbwa

Mjomba Theophil alikuwa hai, na Jumamosi ya wiki iliyofuata angeshuka kwenye basi la Moshi pale Mnazi Mmoja, akija kutibiwa macho. Habari hizo zililetwa na dereva wa lori aliyeshusha saruji kwenye ghala la Mchafukoge. Mtunza ghala, Severine, alizipokea akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya mfuko wa saruji. Nyumba kumi za mtaa wake wa Kariakoo zilikuwa zimekwisha kumkalia Mjomba Theophil matanga ya siku tatu, kwa turubai na mikeka, na watu walikuwa wamelia kwa moyo safi.

Aliyekufa alikuwa mbwa.

Aliitwa Chui. Severine alimwokota mtaroni akiwa mdogo, akamlea kwa makombo ya mama ntilie, naye akalinda ua wa ghala kwa miaka mingi. Nyumbani hakumpeleka hata siku moja. Mwenye nyumba, Mzee Shomari, alikuwa Mwislamu wa kusali sala zote, na ua wa nyumba ndipo watu walipotawadhia. Severine, Mkatoliki wa Rombo, aliliona sharti hilo kuwa la haki na hakuwahi kulijadili. Mtaani walijua kwamba ghala lina mbwa, kama walivyojua kwamba lina mlango.

Chui alipokufa, Severine alimzika nyuma ya ghala, akarudi nyumbani mchana, akajifungia chumbani, akalia. Lakini kuta za vyumba vile hazikufika kwenye paa, na kilio cha mwanamume mzima kilipita juu kama moshi. Bi Sabaha, mke wa Mzee Shomari, akaja mlangoni mikono ikiwa na unga.

"Ni nani, Mama Anselmi?"

Hakuuliza kama kuna msiba. Aliuliza ni nani. Blandina, mke wa Severine, alitakiwa kujibu papo hapo, na jibu la kweli halikutamkika mbele ya mwanamke yule.

"Mjomba wake," alisema. "Theophil, wa Rombo. Habari imetufikia wakiwa wamekwisha kuzika."

Alimchagua Theophil kwa kuwa alikuwa mzee, alikuwa mbali, na hakuwahi kuikanyaga Dar es Salaam.

Baada ya hapo mambo yakaenda kwa mujibu wa desturi, na desturi haina breki. Mzee Shomari alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alipita mlango kwa mlango akitangaza. Wanawake wakaleta unga na kuni, na Bi Sabaha akatoa sukari aliyoipangia foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, sukari yote, bila kubakiza ya chai yake. Wanaume wakakaa na Severine mkekani, wakamuuliza kinachoulizwa kila mara: marehemu aliugua nini?

Severine hakuwa hodari wa uongo. Akasimulia yale aliyoyaona. Aliacha kula, alisema. Miguu ya nyuma ikakataa. Asubuhi moja akalala kivulini, na nilipomwita aliinua kichwa kidogo tu. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema huo ni uzee, hauna dawa. Severine alifarijika, tena kweli kweli, na hilo ndilo lililomwaibisha kuliko yote.

Sasa mjomba anakuja. Blandina alishauri apokelewe kwa jamaa zao wa Ilala, asionekane mtaani.

"Haoni vizuri," Severine alisema. "Nani atamshika mkono huko kila siku? Atafikia hapa."

"Basi waambie."

"Nitawaambia."

"Lini?"

Severine akaanza kufungua kamba za viatu. Kufukuzwa chumba kulikuwa jambo linalowezekana, na vyumba Kariakoo havikupatikana kwa urahisi, lakini hilo aliweza kulifikiria bila kutetemeka. Alichoogopa ni kicheko cha wale waliokaa naye mkekani. Kicheko hicho kingemfuata kila mahali, hadi kwenye foleni ya mafuta ya taa. Na Mzee Shomari je, ambaye alisimama mbele ya watu akamtangaza maiti mtu anayepanda basi?

Jumapili mchana Mzee Shomari aligonga mlango akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Baba Anselmi, vaa shati. Tunaenda sinema, sisi na wake zetu."

"Shikamoo, Mzee. Mimi leo..."

"Marahaba. Tiketi nimekwisha nunua. Msiba ukilala nao chumbani unazaa watoto. Hii picha ni ya kuchekesha, nimeliona bango mwenyewe: mzee mmoja wa Kizungu na jibwa lake."

Severine akatafuta shati.

Picha ilitoka Ulaya, katika lugha ambayo hakuna mtu ukumbini aliyeijua, kwa hiyo wenye ukumbi walimweka kando ya pazia Mrisho, karani mwenye sauti ya muadhini, akiwa na kipaza sauti. Mrisho alikuwa ameonyeshwa picha hiyo na kuelezwa maana yake asubuhi ile. Pale alipokumbuka alitafsiri, na pale aliposahau alitunga.

Mzee wa kwenye picha alikuwa fundi saa, mjane, katika mji wa theluji. Mbwa wake alionekana kidogo tu, akalala chini ya meza, asiamke.

"Mbwa amefariki dunia," Mrisho akatangaza.

"Afariki, kwani ni balozi?" mtu akauliza kutoka viti vya mbele. "Mbwa anakufa, bwana!"

Ukumbi ukacheka. Fundi saa akapiga magoti, akamkumbatia mbwa, akaanza kulia, na kicheko kikaongezeka.

"Mzee, oa!"

"Mkewe alimlilia hivyo?"

"Mtazameni, amemfunika blanketi! Mimi nalalia kanga ya mama!"

Mzee Shomari alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia yake. Alimpiga Severine paja. "Umeona? Nilikwambia ni ya kuchekesha." Severine alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Alikuwa anasikia, neno kwa neno, kile alichokuwa akikiogopa.

Kesho yake fundi saa alitoka nyumbani na ile kamba ya mbwa mkononi. Akaipitia njia aliyoipita naye kila siku, kamba ikiburuta kwenye theluji bila kitu mwishoni.

"Baba, mbuzi wako kakata kamba!"

Hicho ndicho kilichokuwa kicheko kikubwa kuliko vyote. Lakini picha haikuharakisha. Fundi saa alipita kwa mwoka mikate, na mwoka mikate akatazama pembeni. Alipita kwa mwenye duka la maua, naye akaingia ndani. Alipanda ngazi, akaweka sahani moja mezani, akala. Siku ya pili akafanya vilevile, na ya tatu vilevile, na vicheko vikapungua kama mvua inayohamia mtaa mwingine. Badala yake yakaanza maswali.

"Huyu hana watu?"

"Mrisho! Majirani wake wamesafiri?"

"Wapo," Mrisho alijibu kwenye kipaza sauti. "Wako nyuma ya milango yao."

"Wanafanya nini?"

"Picha haijasema."

Usiku mmoja, kwenye picha, fundi saa alilia peke yake. Mwanamke aliyekuwa akipanda ngazi akasimama mbele ya mlango wake, akasikiliza. Akainua mkono. Kisha akaushusha, akaingia kwake, akafunga.

Bi Sabaha akasimama.

"Amesikia! Amesikia mtu analia, kafunga mlango!"

"Mama, kaa, tunaona mgongo wako!"

"Sikai! Mgongee, mwana kukosa wewe! Huyo ni jirani yako!"

"Mgongee!" sauti nyingine ikadakia upande wa kulia, na nyingine nyuma, na muda si mrefu ukumbi mzima, wale wale waliocheka blanketi, ulikuwa unapiga miguu sakafuni. "Mgongee! Mgongee!" Mzee Shomari naye alipaza sauti, kofia mkononi. Mrisho aliacha kutafsiri, kwa kuwa hakukuwa na neno la kutafsiri, wala mtu wa kumsikiliza.

Picha ilimchelewesha yule mwanamke kwa makusudi. Alionekana akikata vitunguu. Alionekana akifua. Hatimaye akatoka na sufuria, akavuka ujia mwembamba wa ngazini, akagonga.

Severine hakuwahi kusikia ukumbi ukishangilia hivyo, hata Jumapili za picha za ngumi. Watu waligongeana mikono. Midomo ya mwanamke ilikwenda kwa muda mrefu, na Mrisho akaifasiri yote kwa neno moja: "Pole." Hakuna aliyedai zaidi.

Mbwa hakufufuka, na hakuna aliyemletea mzee mbwa mwingine. Mwishoni aliitundika kamba msumarini, akashuka ngazi, akaenda kula kwa watu. Taa zilipowaka, wengi walikuwa wanajipangusa nyuso na kudai ni joto.

Nje jua lilikuwa bado kali. Wanne hao walitembea kuelekea Msimbazi, wanaume mbele.

"Wameniibia," Mzee Shomari alisema. "Bango lilikuwa la kuchekesha." Akatembea kidogo. "Mimi mbwa simgusi, na simtaki uani kwangu. Lakini yule mama kanitia hasira. Mtu akilia, wewe unauliza kwanza analilia nini? Unagonga, unaingia, habari utazikuta ndani."

Severine aliyapima maneno hayo. Hayakuwa na mlango wa pili wa kutorokea. Akasimama.

"Mzee, Mjomba Theophil hajafa."

Blandina, nyuma yao, akatazama ardhi.

"Nani hajafa?"

"Mjomba. Anakuja Jumamosi, kwa ajili ya macho. Aliyekufa ni mbwa wangu wa ghala. Nilishindwa kukwambia, nikaacha mkakaa matanga."

"Uongo ni wangu, Mzee," Blandina akasema. "Nilimjibu Bi Sabaha mimi."

Mzee Shomari akageuka, akaendelea kutembea peke yake, haraka, kanzu ikipiga visigino. Akapita duka la vitambaa lililofungwa, akapita muuza mihogo. Severine alimfuata kwa macho na kujua kwamba sasa mambo hayamo tena mikononi mwake. Bi Sabaha alikuwa amekunja kanga yake mkononi.

"Baba Anselmi," alisema polepole. "Ulisema miguu ya nyuma."

"Nilisema."

"Nikasikia. Miguu ya nyuma ya mjomba! Nikajiambia nyamaza, Sabaha, labda Wachaga ndivyo wanavyosema." Midomo yake ikaanza kucheza. "Na sukari yangu! Nimekunywa chai bila sukari wiki nzima kwa ajili ya mbwa!" Akaegemea bega la Blandina, akacheka mpaka muuza mihogo naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

Mzee Shomari alikuwa amesimama mbele. Akarudi. Uso wake haukuwa na kicheko.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyekufa."

"Hakuna, Mzee."

"Hakika?"

"Dereva alimwona Rombo kwa macho yake, anakunywa mbege."

Mzee Shomari akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," alisema. "Balozi mwenzangu wa upande wa pili amezika watatu mwaka huu. Mimi nina mmoja wa kurudisha duniani." Kisha sauti ikakaza. "Lakini umenidanganya, mwanangu, na mimi nikawadanganya watu. Leo hii tutapita nyumba zote kumi, mimi na wewe. Mimi nitabisha hodi. Kusema, utasema wewe."

"Nitasema."

"Watacheka."

"Najua."

"Acha wacheke. Anayezushiwa kifo umri wake huongezeka, wataambiwa hivyo." Akaanza kutembea tena, safari hii kwa hatua za kawaida. "Huyo mbwa, alikuwa mkali?"

"Kwa wezi tu," Severine alisema, na akamsimulia, kutoka hapo hadi mlango wa kwanza.

Walicheka, kama ilivyotarajiwa. Katika nyumba ya tatu walicheka mpaka mtoto akaamka. Kijana mmoja alibweka dirishani siku mbili, akachoka. Mjane wa nyumba ya mwisho hakucheka kabisa. Aliuliza kama mbwa aliteseka, akasema pole, akafunga mlango taratibu.

Jumamosi Mjomba Theophil alishuka kwenye basi akiwa na fimbo na mkungu wa ndizi. Alishangazwa na mtaa. Watu waliacha shughuli zao, wakaja kumshika mkono, mmoja baada ya mwingine, na baadhi walimshika muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Bi Sabaha alimminya mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Watu wa Dar ndivyo wanavyosalimia?" mzee alimuuliza Severine kwa Kichaga.

Severine alimkalisha kwenye kiti uani, akamweleza yote mbele ya watu, kwa mpangilio, bila kujitetea. Mjomba Theophil alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande wa sikio zima. Mzee Shomari alisimama kando ya kiti chake, tayari kumwombea msamaha mpangaji wake.

"Mlikaa siku ngapi?" mzee akauliza.

"Tatu, Mjomba."

"Watu walikuja?"

"Turubai halikutosha."

"Mlichinja?"

Severine akamtazama Blandina. "Hatukuchinja, Mjomba. Ilikuwa ugali na maharage."

Mzee akagonga fimbo chini.

"Maharage! Basi huo haukuwa msiba wangu," alisema. "Ulikuwa wa mbwa tangu mwanzo. Nileteeni maji ya kunywa."

Bi Sabaha alikuwa wa kwanza kukimbilia mtungi.