Maji ya Kumnywesha Mama

Mpima usalama wa maji ya bomba alikuta koki ya jikoni kwa mama yake imefungwa waya, tena umekazwa kwa koleo. Aliyeifunga ni kaka yake, seremala, anayeishi na mama na kumuuguza. Alikuwa amesikia kwenye simu sauti ya mtu asiyemjua, ikidai kwamba dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba huwapotezea wazee kumbukumbu. Tangu siku hiyo mama alinyweshwa maji ya kisima, na mwezi huo tumbo lilikuwa limemlaza mara mbili.

Dada mtu alijaribu kila njia. Alileta majibu ya maabara; kaka akasema muhuri ni wa hao hao wanaotia dawa. Alieleza kwamba, kwa vipimo vilivyopo, hakuna dalili ya madhara. Kaka akayadaka hayo “kwa vipimo vilivyopo” kama aliyemfumania mwizi. Kwake, anayejua husema moja kwa moja. Anayezungukazunguka anaficha.

“Basi niambie,” alisema. “Kwa nini jana mama kaniuliza mimi ni fundi wa nani?”

“Sijui, kaka. Hata daktari hana hakika.”

“Yule wa kwenye simu anajua.”

Dada alipandwa na hasira. Miaka kumi na minne ya kupima maji, imeshindwa na sauti ya dakika mbili! Akamuuliza kama ubao ukikataa kuingia huwa anailaumu futi.

“Futi naishika mwenyewe,” kaka akajibu.

Jibu hilo lilimkera njia nzima, kwa sababu halikuwa la kijinga. Kesho yake alirudi na chupa mbili zenye dawa inayogeuka nyeusi ikikutana na vijidudu vya kinyesi. Hakugusa kitu. Kaka akafungua waya, akakinga ya bomba, akateka ya kisima, akaziandika kwa penseli yake ya kazi, akazifungia kabatini. Siku ya tatu, chupa ya kisima ilikuwa nyeusi tii. Ya bomba haikubadilika.

Kaka akaziinua mwangani, moja moja.

“Turudie. Safari hii chupa natafuta mimi.”

Dada alitaka kumkaripia, akajizuia. Hata yeye, kazini, asingeridhika na kipimo kimoja.

“Turudie,” alisema kwa uchovu. “Ila mpaka hapo, ya mama yachemshwe.”

Kaka akabandika sufuria. Akiwa amempa mgongo, akauliza tena kuhusu kusahau kwa mama.

“Sijui. Ningejua ningekwambia.”

Safari hii kaka hakubisha. Alimsogezea kigoda, wakakaa wote wawili, wakisubiri maji yachemke.