Saa Tano Juu ya Sanduku

Nilikuwa nimekalia sanduku, nyapara amesimama mbele yangu akitazama saa yake, na wanaume arobaini wa kambi ya barabara wanacheka.

"Mpishi leo anaatamia!" fundi mmoja akapaza sauti. "Tungoje vifaranga!"

"Shuka nione," nyapara akasema.

"Ukifunua sasa, bosi, umeyaua."

"Sioni moto, sioni moshi. Unanipikia nini?"

"Maharage."

Kicheko kikavuma upya.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Lori la kuni lilinasa topeni huko nyuma, na asubuhi hiyo jikoni palibaki mzigo mmoja tu mkavu, wa kukumbatia kwa mkono mmoja. Maharage ya watu arobaini yanataka moto wa saa tatu. Nyapara hakuzunguka: wasipokula saa saba, nifunge virago. Virago nimevifunga mara nyingi, kwa hiari yangu, maana miguu yangu haijui kutulia. Lakini kufukuzwa kwa kulaza watu njaa, hilo lingenitangulia kila kambi. Mpishi ni jina lake. Likioza, hata chumvi hailiokoi.

Miaka ya nyuma, katika mji niliokuwa napita tu, nilisoma darasa la jioni la watu wazima. Wiki sita, kisha nikaondoka kama kawaida yangu. Mwalimu wetu, mama mstaafu asiyependa mzaha, alipanga mezani kikombe cha chai, birika lililozibwa mpaka mdomo, na chupa ya chai.

"Kila mfumo una mpaka," akasema. "Ulizeni nini kinavuka."

Kikombe kinatoa mvuke na joto: huo mfumo wazi. Birika lile halitoi hata tone, ila joto linatoroka ubavuni: mfumo uliofungwa. Chupa haitoi chai wala joto: mfumo uliotengwa. "Uliotengwa kabisa hamtaupata," akatuonya. "Joto litanyata tu. Ninyi mlicheleweshe."

Nimevuka mipaka mingi, lakini huo wa mwalimu ndio niliokaa nao zaidi.

Basi siku ile, maharage yaliyolala majini usiku kucha niliyabandika, yakatokota robo saa nzima, na kuni zikaishia hapo. Nikafunika sufuria, nikaziba ukingo kwa donge la unga, nikalizika sufuria ndani ya sanduku la mbao lenye vumbi la msumeno, nikashindilia mablanketi yangu ya kulalia, nikapiga kifuniko, nikakaa. Saa mbili asubuhi.

Adui yangu hakuwa nyapara. Ulikuwa mkono wangu mwenyewe. Mpishi hufundwa kufunua, kunusa, kukoroga, kuonja. Asipoonja anajiona mwizi. Kila nilipowazia punje ngumu kama kokoto, vidole viliniwasha. Nikavikalia navyo. Saa nne ikapita. Saa sita, watu walishaanza kugonga sahani.

"Saa saba," nyapara akasema. "Haya."

Nilishuka miguu imekufa ganzi. Mablanketi ya juu yalikuwa baridi. Ya ndani, moto! Nikabandua unga, nikafunua, na mvuke ukanipiga usoni, ukapanda mbele ya wote, mweupe, mnene, kama sufuria limeepuliwa sasa hivi. Kicheko kikakatika kama uzi. Nikachota punje moja, nikaiweka kiganjani mwa nyapara. Akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikapondeka bila ubishi.

Walikula mpaka wakafungua mikanda. Fundi yule alirudi mara ya tatu, akaninyooshea sahani bila kunitazama machoni. Nikamjazia. Siku hiyo ningeulizwa mfalme ni nani, ningejitaja.

Nyapara alikula amesimama. Alipomaliza, akatoa daftari lake mfukoni.

"Lori limenasuka," akasema. "Kesho nikuagizie kuni mizigo mingapi? Ile ile minane?"

"Minne," nikasema.

Akanitazama kidogo. Kisha akaandika minne.